Sarafu Iliyong'arishwa

Mpima sarafu wa ghorofa ya pili, ambaye jengo zima lilimwita Mama Lenzi, alichoshwa na kitu kimoja tu: watu. Sarafu hazikumsumbua hata kidogo. Lakini watu, lo! Huyu amechonga sita ikawa sifuri, yule amebandika nne ya kuazima mahali pa moja, kisha anakuja na macho makavu: "Mama, hebu angalia mwaka huo." Anauangalia. Tarakimu ya kweli huinuka kutoka kwenye uso wa sarafu bila mshono. Ya kughushi huacha mikwaruzo miguuni, au ufa mwembamba. Akisema feki, ananuniwa yeye!

Siku hiyo alikuja baba yake mdogo, na hapo ndipo pabaya. Tangu Mama Lenzi akiwa mtoto, mzee huyo aliapa kwamba sarafu yake ni ya mwaka mmoja adimu, zilipotengenezwa chache. Kaka yake, baba mkubwa, akamwita mwongo mbele ya ukoo mzima, na tangu hapo ndugu hao wakawa wanasalimiana kwa shingo upande. Sasa wote wawili walikuwa kwenye benchi, kila mmoja kwenye ncha yake, wakingoja hukumu.

"Ya kweli au feki?" baba mkubwa akauliza, hata taa haijawashwa.

Mama Lenzi akaweka jicho kwenye lenzi. Akalitoa. Akalirudisha. Sarafu iling'aa kama kijiko cha wageni, na miguuni pa tarakimu, pale pale ambapo angeusoma ukweli, palikuwa pamelainika pote.

"Nani kaisugua hii?"

Wazee wakatazamana.

"Wazee wangu, si nauliza? Mara ngapi nimesema sarafu haioshwi, haifutwi? Baba mdogo!"

"Si mimi, mwanangu. Kaka aliiomba juzi aitazame. Nikampa."

Baba mkubwa akakohoa, akatazama viatu vyake. "Ilikuwa chafu. Nikachukua dawa ya meno na kitambaa. Sikutaka mdogo wangu aingie humu na kitu cheusi, watu wakamcheka."

"Ukaisugua sana?"

"Mpaka mkono ukaniuma."

"Basi hongera! Umefuta ushahidi wote. Kama mwaka ulichongwa, sijui. Kama ni wa kweli, sijui. Na mimi sitajua kamwe!" Alitamani kulia kwa hasira.

Baba mdogo wala hakumsikiliza. Alikuwa amemgeukia kaka yake, mdomo wazi. "Kumbe ulitaka iwe ya kweli?"

"Wewe ulidhani napenda kuwa na ndugu mwongo?" baba mkubwa akafoka, machozi yakimlengalenga.

Wakateremka ngazi wameshikana mikono, wakibishana juu ya dawa ya meno.

Sarafu wameiacha mezani.

"Wazee!" Mama Lenzi akapiga kelele dirishani. "Njooni mchukue balaa lenu!"

Hawakugeuka.