Baba, Stata na Spana Namba Nane

Enzi zetu gari halikuwashwa, lilisukumwa. Nawaambia nyie wa rika langu, maana hawa wa kubonyeza kitufe wakisikia watatuonea huruma bure.

Baba alikuwa mwalimu mkuu pale Ushirombo, na alikuwa na kigari cha mgongo wa kobe, injini nyuma. Betri yake ilikuwa ya volti sita. Asubuhi za baridi ukizungusha ufunguo, stata iliguna mara mbili kama mzee anayeamshwa kwenda kupalilia pamba, kisha ikanyamaza. Basi uji ukiisha, kila mtu alishika nafasi yake: Kulwa kushoto, Doto kulia, na mimi Shija, niliyewafuata hao mapacha, katikati na Mama, khanga kaikaza kiunoni. Baba alikaa kwenye usukani na tai yake. Injini ikishika hakusimama, maana ikizima tunaanza upya. Tulikimbia na kurukia ndani mmoja mmoja, Mama wa mwisho, ndala mkononi, na wapita njia wakituamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mwalimu!"

Ndani kulinukia petroli na michembe, vile viazi vikavu alivyotugawia Mama. Sasa nisikilizeni. Shuleni Baba alikuwa Mwalimu Mkuu, hatukuthubutu hata kumtazama. Nyumbani alikuwa akisahihisha madaftari. Ni ndani ya gari tu, hadi Mama ashuke sokoni na sisi tufike shule, ndipo alipokuwa baba yetu. Alitusimulia hadithi ya fisi, kipande kimoja kila siku.

Sheria ilikuwa moja: asiyesukuma hapandi. Mjomba aliwahi kuja na suti mpya, akagoma kusukuma. Alitembea na suti yake hadi stendi.

Jumamosi moja akaja fundi mstaafu wa mgodi wa Mwadui. Akabadilisha betri, dinamo, koili na balbu zote, mfumo ukawa wa volti kumi na mbili. Stata akaiacha ileile. "Hii itapiga tu, ila msiishikilie muda mrefu," alisema. Mama alimshikia tochi na kumuuliza kila waya kazi yake. Honi fundi akaisahau.

Jumatatu Baba akazungusha ufunguo, gari likawaka kabla hatujashika nafasi. Tukashangilia. Loh, wajinga sisi! Baba akachungulia dirishani.

"Mmesukuma?"

"Hatujasukuma, Baba."

"Haya." Akaondoka.

Tulidhani anatania. Wiki nzima tulikwenda kwa miguu, naye akitupita na kupiga honi ya volti sita iliyoshiba kumi na mbili, ng'ombe wa watu wakikimbilia kwenye mihogo. Mama akamwambia, "Baba Kulwa, sheria umetunga mwenyewe, si uivunje tu?"

"Nikiivunja mimi, nitamchapa nani shuleni?"

Mimi nililia, tena waziwazi. Sikulilia miguu. Fisi wa hadithi nilikuwa nimemwacha shimoni tangu Ijumaa ile kabla ya fundi kuja, na nilihisi Baba naye ameondoka hivyohivyo, hatarudi.

Jumatatu iliyofuata Baba akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Mama alikuwa tayari nyuma ya gari, khanga imejaa vumbi mgongoni, anatazama mawingu.

"Naona limegoma, Baba Kulwa."

Baba akanyoosha tai. "Haya, shikeni."

Tukasukuma, tukarukia ndani. Jumatano fisi akatoka shimoni.

Siri tuliijua sisi watoto. Kila alfajiri Mama aliingia chini ya gari na kufungua nati ya ule waya mwembamba wa stata kwa spana namba nane, jioni akaifunga tena. Ufunguo haukuwa na la kufanya tena, lakini ukisukuma, injini inashika kama kawaida. Tulisukuma gari lenye volti kumi na mbili mpaka tulipomaliza shule. Ajabu ni kwamba mtu makini kama Baba hakumwita fundi hata siku moja.

Leo Mama ametangulia mbele za haki, na Baba nakaa naye hapa Geita. Gari langu linawaka kwa kidole. Wanangu wanapanda, kila mmoja na simu yake, masikio yamezibwa. Nikiwapeleka hadi mgodini Bulyanhulu badala ya shule hawatajua mpaka njaa iwaume. Hakuna anayenidai hadithi. Nimewapa kila kitu isipokuwa kazi ya kufanya nyuma ya gari, na hilo linaniuma kuliko ninavyosema.

Majuzi nikaona nimwondolee Mama ule mzigo wa siri. Nikamkuta Baba anakunywa uji.

"Baba, lile gari halikuwa linagoma. Mama alikuwa anafungua waya wa stata."

"Najua."

"Tangu lini?"

Akapuliza uji wake, akanywa, akafuta midomo.

"Shija, sanduku langu la spana lilikuwa na kufuli, na ufunguo nalala nao mfukoni. Sasa ile namba nane, wewe unadhani kila usiku nani alikuwa anamwachia mama yako dirishani?"