Haikuwa Surua

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, maduka ya dawa ya Kampala yalibaki rafu tupu. Vidonge vya kutuliza maumivu tulivinunua rejareja pale Kawempe, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Dada yangu alivimeza kwa ajili ya kichwa. Siku chache baadaye akawa na homa kali, macho mekundu, midomo imechubuka, na vipele kifua kizima.

"Surua hiyo," shangazi yetu akatangaza. Kwetu mgonjwa wa surua alifungiwa katika chumba chenye giza na hakupelekwa hospitali, maana sindano, walisema, huirudisha ndani ikaua. Basi pazia likashushwa, na kwa ajili ya homa shangazi akamzidishia vidonge vilevile, amevisaga ndani ya uji.

Mimi sikukubali. Surua tuliugua pamoja utotoni, kitanda kimoja, na haimrudii mtu. Tena nilikumbuka kuwa mwaka uliotangulia vidonge hivyohivyo vilimwachia doa jeusi kwenye mdomo. Sasa kila bakuli la uji lilipoingia, malengelenge yalizidi. Niliumwaga uji uani, vidonge nikavitupa chooni. Shangazi alinifokea kuwa namuua dada yangu. Nilikuwa na hasira ya kuwatosha watu wawili. Nilimwambia anipishe mlangoni.

Jirani alitubeba kwa pikapu yake. Kwenye kizuizi askari aligonga ubavu wa gari. "Wewe mama, nabeba nini huko? Magendo?"

"Dada yangu, afande," nikamjibu kwa Kiswahili chao cha kambini. "Iko mugonjwa."

"Funua! Mimi taka ona."

Nikafunua shuka. Ngozi ya bega ilitoka nayo. Askari alirudi nyuma. "Peleka yeye! Mbio!"

Daktari alitaka kujua amemeza nini. Nilimjibu bila kusita. Akasema dawa ndiyo iliyomchoma, kwamba nilifanya vyema kuikatiza, na asiiguse tena maisha yake yote. Kuhusu macho hakuahidi kitu. Kope zilikuwa zimegandamana. Hapo ndipo nilipoogopa, na niliogopa sana, kwani dada yangu alikuwa mshonaji.

Asubuhi moja nesi alizilowesha kope kwa maji ya chumvi, akazibandua polepole. Dada alipepesa, machozi yakimchuruzika, kisha akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Leso yangu hiyo," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nani kakuruhusu uivae?"