Mtende Usiohitaji Birika

Watu walichokiona kwanza kwa Medina kilikuwa birika lake. Kiangazi kilipokaza, wanawake wa mtaa wa Awindiri, mjini Arua, walipanga madebe yao kwenye pampu tangu alfajiri na kugombania hata kikombe kimoja cha maji. Yeye, kila baada ya kutawadha, alitoka na birika, akatembea taratibu hadi mwisho wa ua, akamwaga maji yaliyosalia kwenye shina la mtende uliomzidi kimo mara mbili. Hakumwaga kwa pupa. Aliinama na kuuzungusha mdomo wa birika, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono.

"Mama Hawah!" jirani yake Driciru alimwita kutoka upande wa pili wa uzio. "Hiyo mti iko mukubwa kuliko bwana yangu, na bwana yangu anajitafutia pombe yake mwenyewe. Wacha na yeye ajitafutie maji!"

"Kamtafutie bwana wako hiyo pombe, uache mti wangu," Medina alijibu, na wote wawili wakacheka.

Lakini Driciru aliijua habari ya mti ule, na kicheko chake hakikudumu. Aliyeupanda ni Zubeiri, mume wa Medina, mwaka 1973. Zubeiri alikuwa dereva jeshini, kwao Koboko. Katika likizo yake ya mwisho alichimbua chipukizi kwenye mtende wa babu yake, askari wa zamani aliyetoka Sudani na kokwa za tende mfukoni. Chipukizi lilisafiri hadi Arua kwa lori, limefungwa gunia bichi, likiwa magotini mwa Medina kama mtoto mgonjwa. Zubeiri akalichimbia shimo karibu na jiwe la kutawadhia.

"Hiki bado kichanga, hakina mizizi," alimwambia mkewe. "Kikikosa maji kitakufa. Ukimwagilie mpaka nirudi."

Muda mfupi baadaye aliitwa Kampala. Alikwenda na sanduku lake la bati, asirudi. Medina alipouliza kambini, aliambiwa mumewe yuko kazini. Alipouliza mara ya pili, alishauriwa asiulize tena. Basi akashika birika.

Binti yao Hawah akaolewa kijiji cha Inde. Mtende ukapanda, ukapita uzio, ukalipita na paa la jikoni, na Medina bado anamwagilia.

Kiangazi cha kuingia mwaka 1979, Tahiru, mdogo wake Zubeiri, alifika kutoka Koboko. Alikunywa chai, akageuzageuza kikombe, kisha akasema alilotumwa.

"Shemeji, wazee wanataka tumsomee kaka hitima. Nawe ukae eda."

"Nani aliyemwona amekufa?"

"Na nani aliyemwona yu hai?"

Medina aliinuka, akachukua birika. "Aliniambia nimwagilie mpaka arudi. Nikikaa eda, nitakuwa ninamwagilia kwa ajili ya nani?"

Tahiru alimfuata hadi mtendeni, akachutama na kufukua udongo kwa kidole. Chini kidogo tu ya tope la birika, ardhi ilikuwa kavu.

"Kichanga alikiacha kaka," alisema. "Huu umeshashika ardhi, shemeji. Mizizi yake iko chini huko, ambako kiangazi hakifiki. Maji yako haya yanaubembeleza tu. Ule wa babu nani anaumwagilia? Hata mbuzi hawaukojolei."

Medina hakucheka. Akamwaga maji yake mpaka tone la mwisho, na Tahiru akarudi Koboko bila jibu.

Haukupita muda, malaria ikamlaza. Hawah akaja kumuuguza, na maji yote yaliyopatikana kwenye pampu yakaishia kwenye uji na vitambaa vya kumpoza mama yake. Homa ilipopanda, Medina aliuliza, "Umemwagilia?"

"Nimemwagilia, mama," Hawah alidanganya, maana hakuwa na la kufanya.

Siku alipoweza kusimama, Medina alikwenda uani akishika ukuta. Udongo wa kuzunguka shina ulikuwa umepasuka nyufa. Akajua kwamba hakuna aliyefika pale na maji tangu alipougua. Mpapai wa Driciru ulikuwa umeshapukutisha majani yote. Akainua macho polepole, akijiandaa kuona makuti yaliyokauka. Yalikuwa kijani, yote, na katikati kuti jipya lilikuwa limesimama wima.

Akakaa juu ya jiwe la kutawadhia, akalia.

Driciru alikuja mbio. "Mama Hawah, unalia nini? Si iko muzima?"

"Ndiyo maana ninalia. Haukunihitaji." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Miaka yote hii nilidhani ninamshika Zubeiri kwa birika."

Driciru akaweka chini debe lake. Akakaa naye chini.

Tahiru alipokuja kumjulia hali, ndiye aliyeona, kati ya makuti, karara ikichomoza, lile ganda gumu linalofunika maua. Ilikuwa ya kwanza.

"Ni jike," alisema. "Peke yake hautazaa. Unataka kupakwa maua ya dume, nayo yapo kwetu Koboko, kwenye mtende mwingine nyuma ya nyumba ya babu. Lakini karara ikipasuka, maua hayangoji sana."

Medina aliinua macho, akaitazama karara. Kisha akasema, "Kayalete. Ukizaa, hizo tende ndizo zitakazokuwa kwenye sinia la hitima yake. Hapo nitakaa eda."

Tahiru aliinamisha kichwa, akaondoka siku ileile. Habari za vita kutoka kusini zilikuwa zimeshafika, petroli ilikuwa adimu, na malori ya Koboko yalikuja yalipotaka.

Leo asubuhi karara ilipasuka. Ndani, maua yalikuwa meupe, madogo kama punje za mtama. Medina alifagia chini ya mtende, akaazima ngazi kwa Driciru, akaiegemeza. Kisha akaenda kusimama kando ya barabara, birika akiwa ameliacha ndani. Alimuuliza kila mwenye baiskeli aliyetokea upande wa Koboko swali moja: je, huko nyuma kuna lori linakuja, lenye mtu aliyepakata maua yaliyofungwa kitambaa kibichi?