Jumapili Baba Alipopiga Hodi kwenye Mahindi ya Jirani

Sisi tuliokulia kijijini Qurus enzi zile, Jumapili yetu ilikuwa na ibada mbili: ya kanisani na ya mbwa. Tukirudi tunavua viatu visichakae, tunakunywa chai ya maziwa na viazi vitamu, halafu wanaume wanapiga mluzi wa kwenda kuwinda. Mbwa wa kijiji kizima wanakuja mbio. Sisi wasichana tulikatazwa kuwafuata, na tuliwafuata vilevile, nguo za kanisani zikijaa vishonanguo.

Uwindaji ule ulikuwa na sheria zake. Mnyama akianguka shambani kwa mtu, paja moja la nyuma ni la mwenye shamba. Na huingii kwa jirani hata kama mnyama unamwona kwa macho. Unasimama mpakani, unapiga hodi mpaka uitikiwe. Ya serikali nayo ilikuwepo: mnyamapori si wako hata akilala kwenye mahindi yako, na bila kibali humgusi. Hiyo baba hakuikubali kabisa. "Amelishwa na nani, kama si mimi?" alikuwa akisema. Mama anamjibu, "Kamuulize Mzee Bura." Huyo alikuwa jirani yetu, alikutwa na nyama ya pori jikoni akapelekwa gerezani, wanawe wakaacha shule wakawa wachungaji wa ng'ombe wa watu. Mama aliogopa hilo kuliko njaa.

Basi Jumapili moja pongo, yule swala wa msituni, akaingia kwetu. Baba hata koti la kanisani hakuvua. Akashika mkuki, mbwa mbele. Pongo akaruka ua wa katani, akatua shambani kwa jirani yetu Mama Gwandu, akasimama pale karibu kabisa, anahema. Mkono wa baba ulikuwa tayari juu. Lakini ni shamba la mtu! Akaushusha, akawarudisha mbwa kwa mluzi, akaita, "Hodi! Hodi jamani!" Wapi! Mama Gwandu alibaki kanisani na mazoezi ya kwaya. Baba akaita mpaka sauti ikakauka, na pongo akajiondokea taratibu kuelekea msitu wa Ngorongoro.

Hapo hapo ikaja pikipiki. Alikuwa askari wa wanyamapori, sisi tukimwita Bwana Nyama. Akaukagua mkuki, hauna damu.

"Mzee, unafanya nini hapa?"

"Napiga hodi kwa jirani."

"Na mkuki?"

"Jirani mwenyewe mkali."

Bwana Nyama alicheka, kisha akakunja uso. "Ningekuta damu, leo ungelala mahabusu." Akawasha pikipiki akaenda zake. Mama, aliyekuwa amekuja mbio kutoka jikoni, akakaa chini kwenye udongo na gauni lake la Jumapili, anacheka huku analia, "Asante Yesu!" Jioni tulikula ugali na mlenda, na kilikuwa chakula kitamu ajabu.

Siku hizi pongo akiingia shambani vijana wanatoa simu, wanampiga picha, wanajipiga na wao, mbwa amelala. Sheria wanaijua, na nafurahi sana. Ila wanakatisha shamba la mtu na muziki masikioni, hata salamu hakuna! Jumapili zile nazitamani, nisiseme uongo. Lakini nikizikumbuka, cha kwanza ni kushusha pumzi. Baba alizeekea nyumbani kwake, akilalamikia mahindi yake kila msimu, na sisi tulikuwepo kumsikiliza.