Uboho wa Kauthar

Maitham ni fundi wa kudarizi majoho hapa kwetu Hufuf. Tumekaa mkeka mmoja miaka mingi, joho limetandazwa juu ya mapaja yetu, yeye akidarizi ukosi kwa zari, mimi nikishona pindo. Kazi ya kukaa inamfaa. Yeye na mdogo wake Jawad walizaliwa na seli mundu, ugonjwa wa damu waliourithi kwa baba na mama. Baridi au kiu kidogo ilitosha kuwalaza, mifupa ikiwauma hadi wanang'ata mito.

Utotoni hawakuwa wakifunga Ramadhani, maana daktari aliwakataza kukaa bila maji. Adhuhuri mama yao aliwafungia mlango wa jikoni, wakala wali wa jana huku wakicheka chinichini kama wezi wa tende. Maitham aliupenda mwezi huo kuliko yote.

Kisha hospitali wakapima uboho wa dada yao Kauthar, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ukalingana na wa Jawad, lakini na wa Maitham ukakataa. Jawad akapelekwa Riyadh, akatiwa uboho wa dada yake, akarudi kipara na mwembamba. Polepole akapona kabisa. Akaoga chemchemini wakati wa baridi. Akakwea mitende. Maitham alimtazama kama mtu anayeona nyumba yake ikikaliwa na mwingine.

"Tumbo moja, dada mmoja," aliniambia. "Kwa nini yeye?"

Nikamtungia uzi mpya kwenye sindano.

Kiangazi hiki, Ramadhani ilipoingia, Jawad akaruhusiwa kufunga. Mzee Salman, mwenye duka tunamoshonea, akampongeza mbele yetu sote: "Mashallah! Sasa Jawad mwanamume kamili!"

Uzi wa Maitham ukakatika mkononi.

Kesho yake alikuja bila chupa yake ya maji. Nikamuuliza.

"Nimefunga. Na ukithubutu kusema nyumbani, mkeka huu utaukalia peke yako."

Siku ile akaivuka. Iliyofuata, joto lilikausha mate mdomoni. Baada ya adhuhuri midomo yake ikapauka, macho yakawa ya manjano, na sindano ikamponyoka. Alipojikunja na kung'ata kilemba chake, nilikimbia kumwita Jawad, anayeuza nyanya soko la jirani. Akaja na chupa ya maji.

"Kunywa, kaka."

"Nimefunga."

"Nani kakutuma? Mungu mwenyewe kakusamehe, wewe unamlazimisha?"

"Kwani Mungu wako peke yako? Damu umechukua wewe, dada umechukua wewe. Niachie hata kiu!"

"Kauthar ni wetu sote. Majibu yalipotoka alikulilia wewe, mimi hata hakunipongeza."

"Machozi yake hayaingii kwenye mifupa yangu. Sinywi. Ninywe peke yangu, watu wakinitazama kama mtoto?"

Jawad alimtazama kaka yake, kisha akafungua chupa. "Basi tunywe wote." Akapiga mafunda makubwa mbele ya mafundi wote, na jua bado liko juu.

Mzee Salman akaruka. "Astaghfirullah! Wewe mzima wa afya! Unajua kafara ya kula mchana makusudi? Kufunga siku sitini!"

"Nitafunga," akasema Jawad, akifuta ndevu.

Maitham akamkodolea macho, kisha akanigeukia mimi. "Unamwona? Hata adhabu anaiweza! Siku sitini! Mimi mbili tu zimeniua."

Akampokonya chupa, akanywa kwa hasira mpaka tone la mwisho, kama mtu anayechukua haki yake kwa nguvu. Jawad akachuchumaa, akampa mgongo.

"Panda, twende hospitali."

"Mgongo huo nao kakupa Kauthar?"

"Huu wangu tangu kuzaliwa. Panda, bwana."

Akapanda. Mpaka kwenye gari la mdogo wake nilimsikia akilalamika kwamba Jawad anatembea haraka mno.