Id ya Mama Yenu

Nyumba yetu ya Munuki, hapa Juba, ilikuwa na Krismasi mbili, ya mama na ya baba, na sisi watoto tuliijua moja tu.

Lawama ni ya vita. Mama alituvusha mpaka Kenya tukiwa wadogo, mimi na dada yangu, tukakulia Nakuru. Baba alibaki Juba, baadaye akasukumwa mpaka Khartoum. Tulipokuja kuishi pamoja tena sisi tulikuwa wanawake wazima, na yeye alikuwa mzee mpole aliyezungumza Kiarabu cha Juba, pamoja na Kiswahili alichojifunza ukubwani ili aweze kuongea na wanawe. Tulikicheka Kiswahili hicho, naye akacheka nasi.

Krismasi ya mama ilikuwa chapati. Kule Nakuru unga wa ngano uliingia nyumbani mara moja kwa mwaka, na siku hiyo mlango uliachwa wazi makusudi, majirani wasikie harufu wajue kwamba hata kwa wakimbizi kuna sikukuu. Redio ilifunguliwa mpaka mwisho. Pazia jekundu lilitolewa sandukuni. Mama alikuwa mtu wa makelele, na sikukuu yake ilimfanana.

Kwa baba, na kwa majirani waliorudi kutoka Khartoum kama yeye, mambo yalikuwa mengine. Wiki nzima wanawake huoka biskuti wanazoziita kaak, wakazipanga kwenye sinia pamoja na peremende. Asubuhi ya sikukuu watu hupita nyumba kwa nyumba, wanaonja, wanasema "kulu sena intum tayibin", yaani kila mwaka uwakute salama, wanaenda kwa mwingine. Hakuna anayekaa. Sisi wa Kenya tuliuona ni ubahili mtupu: mgeni gani anashiba biskuti? Wao walituona walafi. Na Krismasi hawaiiti Krismasi. Wanaiita Id, neno ambalo sisi tulidhani ni la Waislamu peke yao, hata Msomali wa duka la kona alipotuuliza tumejiandaaje kwa Id, tulimjibu kwamba sisi ni Wakristo. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mama alifariki wakati wa mvua. Alikohoa, akalazwa, akarudi kwetu ndani ya jeneza. Tulimzika, watu wakaja wakakaa nasi, wakaondoka. Desemba ilipofika na vumbi lake, hakuna aliyethubutu kutaja sikukuu hadi siku ya mwisho kabisa, baba alipoinua uso kutoka kwenye chai yake.

"Kesho ni Id ya mama yenu," alisema.

Dada alinitazama, nami nikamtazama. Tulielewa kwamba mzee ametupa ruhusa. Krismasi ya mama, nani asiyeijua? Tulikwenda tukanunua unga na mafuta, na shati jipya la baba.

Asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuamka. Nilipotoka nilimkuta amefagia uwanja na kupanga viti vya plastiki, vyetu na vya kuazima, vyote vikitazama geti. Alikuwa amevaa jalabia yake kuukuu, kanzu aliyorudi nayo kutoka Khartoum. Shati letu alikuwa ameliacha kitandani, limekunjwa vilevile, na nikakasirika kidogo maana tulihangaika sana kulichagua. Nikatundika pazia jekundu. Dada akafungua redio, akakanda unga, akaanza kukaanga, na kuanzia chapati ya kwanza alikuwa analia. Machozi yalimdondoka kwenye unga wala hakujisumbua kuyafuta. Mimi nililia nikisukuma. Hatukuwahi kumlilia mama kama asubuhi ile, hata makaburini.

Baba alitutazama kutoka kitini.

Watu walipotoka kanisani niliwaona wakipita barabarani, vikundi kwa vikundi. Jirani yetu, mama mmoja ambaye tulitenganishwa naye na ukuta tu, alisimama getini, akanusa, akalitazama pazia, akatuambia kulu sena kwa sauti ya furaha, akaendelea na safari yake. Wengine vivyo hivyo. Kila kundi lilipokaribia baba alinyanyuka, na lilipopita akakaa. Nilimpelekea chapati. Aliishika mkononi mpaka ikapoa.

Jua lilipoelekea upande wa pili ndipo nilipomuuliza anamngoja nani.

"Watu ya mama yenu," alisema.

Kisha akanieleza, polepole, akichanganya lugha zake zote. Mtu akifa, sikukuu ya kwanza inayofuata ni yake. Nyumba yake haikaangi, haipambi. Inachemsha kahawa isiyo na sukari. Watu wakitoka kanisani huanzia hapo, kabla ya kuonja kaak ya mtu yeyote, wakakaa na wafiwa, wakalia kidogo, na matanga yakafungwa. Hufanywa mara moja tu. Mwaka mwingine hairudiwi.

Nilikaa kwenye kiti kimojawapo. Nikamuuliza kwa nini hakuwaita ndani wale waliopita, na kwa nini hakutuzuia sisi.

"Mtu haiti watu kuja kulia," alisema. "Na nyinyi, mimi iko naona mnalia kwa chapati. Mimi nafikiri Kenya nalia hivyo."

Nilimwambia ni kweli, ndivyo tulivyokuwa tukilia. Aliila ile chapati iliyopoa, akaimaliza yote, kisha akaanza kurudisha viti vya watu.

Baba hakuiona Desemba nyingine. Ilipofika tulijua la kufanya. Pazia lilibaki sandukuni, redio ikanyamaza, na jikoni hapakuwa na moto ila wa kahawa. Walikuja wote, moja kwa moja kutoka kanisani. Viti vilijaa, waliochelewa wakakaa kwenye mikeka. Yule jirani alikaa kando yangu, akanywa kahawa yake chungu, akalia kidogo, akaniwekea mkono gotini. Alikuwa na swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba mwaka mzima.

"Na ya mama yenu mulifanyia wapi? Kenya?" aliuliza. "Mwaka ile sisi nasikia harufu ya mafuta, nasema hawa yao imekwisha."

"Hapahapa," nikamwambia. "Tulikuwa watatu."