Wa Upande wa Baba Wapo?

Babu yangu mzaa mama alipozikwa Tabora, mzee aliyesimamia mazishi aliuliza kama ilivyo desturi: "Wa upande wa baba wapo?" Kwetu hao ndio wanaotangulia kutupa udongo. Watu wakatazamana. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, sikumbuki kitu, ila nimesimuliwa mara nyingi hata naona kana kwamba nilikuwa nimesimama pale. Babu hakuwa na upande wa baba. Alikuwa chotara, fundi wa reli, mwenye nywele laini na ulimi mkali, na jina la ukoo alilotumia aliazima kwa wajomba zake, maana la baba yake hakupewa. Kilichojulikana ni kwamba baba huyo alikuwa Mzungu, tena polisi, na aliondoka kabla mtoto hajaota meno. Yule mzee akasubiri, akakohoa, halafu akawaita wajomba.

Sasa mama ana miaka sabini na kitu, anaishi na mimi Mount Druitt, huku Sydney, Australia, magoti yamekwisha, na jambo hilo bado analo kifuani. Hataki urithi. Hataki picha. Anataka mtu mmoja wa upande ule, aliye hai, aseme kwa kinywa chake kwamba marehemu alikuwa wao. "Mmoja tu," huniambia, "hata akiwa kichaa." Na kazi ya kumtafuta huyo mmoja nikapewa mimi, mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa, ambaye simu ikilia tu moyo unanipasuka.

Binti yangu ndiye aliyeleta kichupa cha kupimia ukoo kwa mate. Yeye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maelezo yote yakapitia kwangu. Mama alikishika kichupa mbali na mwili wake.

"Mate yangu mnayapeleka kwa nani?"

"Maabara, mama."

"Na wakiyafanyia mambo?"

Nikamwambia mchawi wa kuroga kwa posta bado hajazaliwa. Akacheka, akatema. Ambaye hakucheka ni mimi. Wiki zile zote za kungoja majibu nilikuwa kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, namlisha mtu uji huku nawaza: je, tukikuta hakuna mtu? Na je, tukikuta yupo?

Alikuwepo. Tena hapahapa Sydney, jamani! Mwanamke wa makamo, damu yake na ya mama zimelingana, na siku ileile akatuandikia meseji ndefu yenye furaha tele. Kumbe naye alikuwa miaka mingi anamtafuta polisi huyo huyo, baba wa bibi yake. Akatueleza alichokipata. Alikuwa kijana wa mashambani, akajiunga na polisi wa Ireland enzi hizo nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza. Polisi wenyewe walikuwa watoto wa nchi, ila bwana wao alikuwa Mfalme. Watu walipoanza kudai nchi yao, majirani wakaacha kumsalimia, dukani wakakataa kumuuzia mkate, wenzake wakapigwa risasi barabarani. Nchi ilipopata serikali yake, jeshi lile la polisi likavunjwa, na yeye hakuthubutu kubaki kwao. Akapata kazi Tanganyika, upolisi tena. Baadaye akaoa Mzungu mwenzake, wakahamia Sydney, wakazaa mtoto mmoja wa kike. Huyo mtoto wa kike yu hai, ndiye bibi yake huyo aliyetuandikia, ana miaka themanini na saba.

Nilimsomea mama polepole, nikiogopa presha yake. Habari za Ireland zikampita tu.

"Huyo bikizee ni nini na baba?"

"Dada yake, mama. Baba mmoja, mama mbalimbali."

"Basi ni shangazi yangu." Akasimama, yeye na magoti yake. "Nina shangazi mjini humu, na mnanikalisha hapa nakula mkate?"

Anayejua kwetu anajua kwamba shangazi hapigiwi simu ukamaliza. Ndiye baba wa kike. Na ukienda kujitambulisha kwa upande wa baba huendi peke yako kama mwizi. Unakwenda na watu wa kukushuhudia, na mkononi una kitu. Ndugu zetu wako mbali, kwa hiyo watu wetu ni wa kanisani. Mzee mmoja Mkongo, anayetuongozea maombi ya nyumbani, ndiye tuliyemwomba awe msemaji. Alipojua marehemu alikuwa polisi, akakunja uso. "Polisi ni polisi, maman. Mimi nimepita vizuizi vingi, nawajua." Lakini akakubali, tena akataka tubebe kuku mzima wa kuwika. Weee! Nilibishana naye kutwa. Mwishowe tukanunua kuku aliyekwisha chinjwa kwenye bucha la Merrylands, tukaweka na unga, na doti ya khanga, kwenye beseni jipya.

Hofu yangu ilikuwa nyingine kabisa. Niliogopa watadhani tumefuata urithi wa nyumba. Niliogopa bikizee atasema damu imekosewa, na mama ataondoka pale akiwa amemzika baba yake mara ya pili. Kwa hiyo meseji yangu kwa yule mjukuu niliiandika kwa adabu mno: tutakuja Jumamosi mchana, na familia. Akajibu karibuni sana. Yeye hakuuliza familia ni watu wangapi, na mimi sikusema, maana sijawahi kuona mtu akiulizwa hivyo. Hilo ndilo kosa letu, na mtu wa hapa asingelifanya. Yeye angekuja peke yake na keki.

Tulikwenda na basi dogo la kanisa, limejaa. Mama amekaa mbele. Binti yangu ananinong'oneza kwamba tumekuwa wengi mno, nami namwambia anyamaze kwa sababu na mimi nilishaanza kuliona hilo. Mtaa ulikuwa wa nyumba za matofali mekundu na majani yaliyokatwa sawasawa, hakuna mtu nje. Ndipo kwenye simu ikaingia meseji ya mjukuu: amekwama kwenye foleni, tumngojee ndani ya gari, bibi yuko peke yake na ni mwepesi wa kushtuka. Nilipoinua macho, mzee wetu alikuwa ameshashuka, koti limefungwa vifungo vyote, beseni liko kichwani kwa mke wake, na wengine wamejipanga nyuma yao mpaka getini.

"Mzee, subiri!"

Akadhani namhimiza. Akabisha mlango kwa kiganja, pa, pa, pa, akaita hodi kwa sauti ya mimbarini. Na mke wake, Mungu amsamehe, akapiga kigelegele.

Ndani redio ilikuwa inasema. Ikazimwa. Pazia likatikisika kidogo. Tukangoja. Jirani wa ng'ambo akatoka barazani kwake, akasimama na simu mkononi akitutazama. Wewe fikiria, kundi zima la Waafrika mlangoni kwa ajuza. Nikawaambia wote watabasamu, na wakatabasamu, ikawa mbaya zaidi.

Nikazunguka ubavuni mwa nyumba, nikachungulia dirisha la jikoni. Nikaona miguu. Miguu miwili yenye viatu laini vya ndani, imelala sakafuni, imetokeza nyuma ya meza.

Lo! Nimefanya kazi na wazee miaka mingi, naijua miguu ya namna hiyo. Tumemuua, nikasema. Tumemuua shangazi wa mama kwa kigelegele. Nikagonga kioo kwa ngumi mbili, nikapiga kelele za kazini, unanisikia, usijaribu kuinuka! Na ile miguu ikasogea. Taratibu, mmoja halafu wa pili, ikavutwa ndani, ikajificha nyuma ya meza.

Nilibaki nimeshika kioo. Hakuwa ameanguka. Alikuwa anatukimbia, pale chini, kwa kadiri mwili wake ulivyoweza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mjukuu alifika anakimbia, ufunguo mkononi, uso mwekundu. Hakutukaripia, na afadhali angetukaripia. Alisema hili ni kosa lake, angetueleza mapema. Bibi yake amelelewa hivyo. Baba yake alimfundisha tangu utoto, hapahapa Sydney kwenye amani tupu: ukiona watu wengi mlangoni, zima redio, lala chini, usipumue kwa sauti. Kwao Ireland, waliokuja kumuua polisi hawakuja mmoja mmoja.

Nikatafsiri. Mzee wetu akavua kofia. "Sisi pia tulilala hivyo, maman," akasema. "Mimi na watoto wangu wote, siku walipokuja kwetu." Akamtua mke wake beseni, akaliweka kizingitini, akageuka, akawaongoza watu kurudi kwenye basi bila kuambiwa na mtu. Sikumsikia tena akisema polisi ni polisi.

Tukaingia mimi na mama tu, nyuma ya mjukuu. Bikizee alikuwa ameketi sasa, ameegemea kabati, mdogo, mweupe, mikono mapajani. Na pua ilikuwa ya babu, ileile ninayoijua kwenye picha yake, haina hata mjadala. Mama akaziba mdomo kwa khanga. Nikainama nimwinue kama ninavyoinua wazee kila siku, akanisukuma mkono. Basi mama akashika ukingo wa meza, akajishusha, magoti yakilalamika, akaketi sakafuni kando yake na kunyoosha miguu kama yuko mkekani. Kwa woga wangu nikawaza, hawa wawili nitawainuaje?

"Shikamoo shangazi," mama akasema.

Bikizee akamtazama sana, kisha akanigeukia mimi. "Nyinyi ni watu wa yule mvulana?"

"Mvulana gani, bibi?" mjukuu akauliza, na nikaona kwamba hakuwa anajua. Alikuwa na habari zote za upolisi wa Ireland, hiyo hakuwa nayo.

"Baba aliniambia akiwa anakufa. Alimwacha mvulana Tabora. Alisema siku moja atakuja. Alilisema vilevile kama alivyokuwa akisema juu ya wale watu wa kwao, kwamba watakuja. Nimemsikiliza mlangoni tangu siku ile." Akatazama mlango. "Yuko nje pamoja na wale?"

Nikamtafsiria mama.

"Mwambie amekufa. Mimi ndiye binti yake."

Nikamwambia. Akafumba macho, na sikujua kama ni huzuni au ni nafuu, na kwa sekunde ile nilimchukia kwa sababu huenda ilikuwa nafuu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alitukasirikia?"

Sasa mimi nimekuwa mdomo wa mama hospitalini na maofisini tangu alipofika nchi hii, na si kila alichosema nimekifikisha kama kilivyo. Yeye analijua hilo. Alinishika kifundo cha mkono akanibana.

"Leo usinitilie sukari. Mwambie ndiyo. Alikasirika mpaka anaingia kaburini. Watoto wenziwe walimwita mtoto wa njiani, na uzeeni wakamwita hivyohivyo. Mwambie siku ya kumzika tuliwaita wa upande wa baba, na hamkuwepo."

Nilitamani sakafu inimeze. Mwanamke huyu alikuwa ametoka kulala chini kwa hofu, mapigo ya moyo yanaonekana shingoni, na mimi nimpe maneno haya? Angefunga mdomo, mjukuu angetuomba tuondoke, na mama asingepata tena mtu mwingine wa kumuuliza, maana hakuna mwingine. Lakini mkono wa mama ulikuwa bado umenibana. Nikayasema yote, sikupunguza hata moja.

Mjukuu akaanza kulia. Bikizee hakulia.

"Alikuwa na haki," akasema. "Nilimuuliza baba jina la huyo mvulana. Akageukia ukutani, hakunijibu, na kesho yake akafa. Aliitwa nani?"

Mama hili alilielewa mwenyewe. Akalitaja jina la baba yake, wazi, kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Bikizee akajaribu, likamvunjikia mdomoni. Mama akatikisa kichwa, akalitaja tena, polepole. Akajaribu. Bado. Wakaendelea hivyo pale sakafuni, yule wa themanini na saba anafundishwa kama mtoto wa chekechea, na mama hana huruma, kila akikosea anamrudisha mwanzo.

Alipolipata, alilishika. Akalisema lote kwa mara moja, halafu bila kuombwa na mtu akaongeza nyuma yake jina la ukoo la baba yake mwenyewe, lile la polisi wa Ireland, ambalo babu hakuwahi kuitwa siku hata moja. Akayasema yote mawili pamoja, akaongeza, "Kaka yangu."

Mama akaniuliza amesema nini, ingawa nilimwona ameshaelewa. Nikamwambia. Akaniambia nirudie.